Mbunge wa Gati

Watu wa mjini husema sisi wa mwambao wa ziwa hatujui siasa. Tunazijua sana. Kijijini kwetu, karibu na mpaka wa Burundi, kila mbunge wa jimbo tunamwita kwa ahadi yake. Yupo Mbunge wa Zahanati, aliyeijenga kweli. Wanangu wote wamezaliwa humo. Na yupo Mbunge wa Gati.

Huyu aliapa kwamba hatutashuka tena majini tukifika na boti. Miaka yake ilipokwisha, akaja na boti kuomba kura tena. Gati hakuna. Kwetu mgeni wa heshima hubebwa mabegani hadi mchangani asilowe, na vijana walikuwa wameshakunja suruali. Mama yangu akaacha kuanika dagaa, akawazuia.

"Huyu si mgeni, ni mbunge wetu. Wenyeji hushuka wenyewe."

Mheshimiwa akavua viatu, akateremka, maji yakamfika kiunoni. Alipotoka, suti ikichuruzika, akamwamkia mama shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu. "Karibu gatini."