Sura ya Mungu wa Ufukara

Kihei mchonga mbao za kuchapia picha alikuwa jirani yangu hapa Osaka, ukuta kwa ukuta, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko akili yake. Mwenye duka la picha alipomwagiza picha ya mungu wa Ufukara, kile kizee chembamba kinachong'ang'ania nyumba za watu, Kihei alikosa sura. Akainua macho, akamwona baba yake anakula. Akamchonga yeye.

Kumbe! Macho yaliyozama, kidevu kirefu, mpaka kiraka cha begani nilichomshonea mimi mwenyewe. Picha zikachapwa, mtaa mzima ukanunua, wapate cha kutupa siku ya kumfukuza Ufukara.

Sasa baba huyo, Mzee Mosuke, kazi yake ilikuwa kununua karatasi kuukuu, mlango kwa mlango. Mke wa muuza mafuta akambamizia mlango usoni. "Toka, Ufukara! Hapa hukai!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mlango wa pili, hivyo hivyo. Akarudi na vikapu vitupu.

Nikamvamia Kihei. "Wewe, huna haya? Baba yako mzazi!"

"Dada Oshima, ni picha tu," akajibu, lakini aibu ilikuwa imemshika, hata kunitazama hawezi.

"Basi ukauvunje huo ubao!"

"Ubao si wangu, ni wa mwenye duka."

Mwisho wa mwezi tulichoma miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, kama kawaida, harufu imvute Ufukara nje, apelekwe mtoni akatupwe. Safari hii kila nyumba ilitoa na picha yake. Majirani wakajaa mlangoni kwa Kihei. "Na wenu je? Mtoeni!"

Kihei alisimama na picha mkononi. Mzee akavaa ndara, akampokonya.

"Lete, mwanangu. Nitajipeleka mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Tukaandamana hadi mtoni, Kihei nyuma kabisa, kichwa chini. Mzee akaitazama picha. "Sura yangu umeipatia kweli," akasema, akaiachia majini.

Desturi ni kuondoka bila kugeuka, na kufunga mlango ukifika, mungu asikufuate. Sote tukageuza migongo. Mzee hakusogea.

"Baba, twende nyumbani," Kihei akasema, analia waziwazi.

"Nyumbani?" Mzee akamuuliza, taratibu, bila hasira. "Nani atanifungulia?"