Kilomita Themanini Kabla ya Mwaka Mpya

Ujumbe ulinifikia nikiwa nimeinamia cherehani, namalizia sare za kwaya ya kanisa moja la hapa Soweto East, Kibera. Ulitoka kwa muuguzi kijana aliyekuwa akimhudumia mama yangu alipokuwa hajiwezi, nyumbani kwa mdogo wangu Kawangware. Yeye na wenzake wana shirika dogo. Huwafuata wagonjwa wasioinuka kitandani hadi vyumbani mwao, huwasafisha vidonda, huwageuza, huwaonyesha jamaa zao jinsi ya kuwalisha. Sasa walitaka mchango wa kununulia nepi za watu wazima na dawa za vidonda, na walikuwa wamebuni mbio za likizo.

Mbio zenyewe hazikuwa na uwanja wala siku. Kila aliyejiandikisha angekimbia au kutembea kilomita themanini kuanzia katikati ya Desemba hadi mkesha wa mwaka mpya, popote alipo, saa yoyote, agawanye atakavyo. Simu ingempimia. Kila akimaliza angetuma namba kwenye kundi la WhatsApp, na waliomwahidi mchango wangeona anavyosonga.

"Si lazima ukimbie, mathe," aliandika. "Hata kutembea ni sawa. Nimekukumbuka tu."

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa na sikuwa nimekimbia tangu shule ya msingi. Nilijibu ndiyo kabla sijafikiria, kisha nikarudi kwenye sare zangu.

Kiharusi kilimpata mama huko kwetu Magharibi, na kwa kuwa mdogo wangu ana chumba kikubwa kuliko changu, akaletwa kwake. Alikaa pale miezi saba. Kutoka Soweto East hadi Kawangware si safari ya kubeba chakula, lakini katika miezi hiyo saba nilikwenda mara nne. Nilisema nina kazi nyingi. Kazi ilikuwepo, ni kweli, ila haikuwa sababu. Sikuweza kuuangalia mdomo wa mama ulivyovutwa upande mmoja. Nilikuwa naingia, naweka matunda mezani, nakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa, na baada ya nusu saa naaga.

Siku ya mazishi yake huko kwetu, nikiwa nimebeba sahani za wageni, mdogo wangu alisema mbele ya shangazi zetu wote, bila kupaza sauti: "Mwacheni akae. Huyo ni mgeni pia."

Niliziweka zile sahani chini. Kesho yake nilirudi Nairobi peke yangu. Hiyo ilikuwa Aprili. Mpaka Desemba inaingia hatukuwa tumesemezana hata kwa simu.

Kila Desemba ploti yetu hubaki tupu. Wengi tunaoishi hapa tumetoka Magharibi au upande wa ziwa, na shule zikifungwa watu hufunga virago. Jirani wa kushoto alienda Busia na watoto wote, akaniachia ufunguo ili nimwagilie sukuma wiki aliyopanda kwenye gunia. Wa kulia alienda Siaya. Binti yangu wa pekee anafanya kazi za nyumba Qatar. Mimi nilizoea kwenda kwa mama. Mwaka ule sikuwa na wa kumwendea.

Viatu nilivipata soko la Toi, mitumba, vikubwa kidogo. Nilijaza mabaki ya kitambaa mbele ya vidole. Nilivaa suruali ya trakisuti na juu yake nikafunga leso, kwa sababu niliona haya kupita mbele ya watu wanaonijua nikiwa na suruali tu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikatoka. Kabla sijafika barabara ya lami pumzi ziliniishia, nikashika ukuta wa kioski.

"Mathe, nani anakukimbiza?" kijana mmoja aliyekuwa akinywa chai aliniuliza. Wenzake wakacheka.

"Hakuna. Nafanya mazoezi."

"Poa. Usikufe tu."

Siku hiyo nilipata kilomita mbili na kidogo. Nilipiga picha namba ile na kuituma kwenye kundi. Kundi lilikuwa na watu wa kila aina. Kuna familia iliyokuwa ikikimbia ufukweni Diani, baba, mama na watoto watatu wenye kofia zinazofanana. Kuna mwanamke aliyekuwa Ulaya, anakimbia kwenye baridi na mbwa wake. Kuna marafiki sita waliokutana kila asubuhi msituni, wakipiga picha wakiwa wamekumbatiana mabegani. Chini ya kila ujumbe mtu fulani aliweka kidole gumba. Aliweka kwenye wangu pia. Siku ya nne nilijaribu kutuma picha ya viatu vyangu vikiwa na matope ya Kibera. Mara zikaingia picha za yule mbwa akiwa amevaa kofia ya Krismasi, na kundi zima likamshangilia. Baada ya hapo nikawa natuma namba peke yake.

Leso niliiacha nyumbani siku ya tano. Nilikuwa nimefika Ayany sasa, kule kwenye nyumba zenye mageti na maua ya ukuta. Pale palikuwa na askari wa geti, mzee wa makamo mwenye koti la mvua hata jua likiwaka. Asubuhi ya kwanza alinitazama tu. Ya pili akainua mkono. Ya tatu akasema, "Leo umechelewa."

"Miguu inauma," nilimjibu.

"Kunywa maji ya chumvi. Usilale mchana."

Yakawa mazoea. Nikipita kwenda na nikirudi, tulisemezana maneno matatu manne. Siku moja nikakuta kiti chake kimekaliwa na mtu mwingine. Nilimuuliza yule mwingine kuhusu mwenzake. "Amepewa likizo. Ameenda kwao." Niliendelea kukimbia, na nilipokuwa karibu kufika barabara ya Ngong ndipo nikagundua kwamba huyo askari ndiye mtu pekee niliyekuwa nazungumza naye kwa wiki nzima, ukiacha wateja waliokuja kuchukua nguo. Nilishika kiuno, nikatembea kipande kirefu kabla miguu haijakubali tena.

Krismasi nilikimbia mbali kuliko siku zote. Makanisa yalikuwa yamejaa, ngoma zinasikika kutoka pande nne, na harufu ya chapati ilinifuata njia nzima. Binti yangu alinipigia nikiwa njiani. Aliniuliza mbona nahema. Nilipomweleza alicheka.

"Mama, uko na nani leo?"

"Niko na watu," nilimwambia. Kweli barabarani kulikuwa na watu. Kabla hajauliza zaidi, mwajiri wake alimwita na simu ikakatika.

Nilifika Riruta Satellite. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa nje ya kibanda chake amevaa nguo mpya, anasubiri mtu. Mbele yangu ndiyo njia ya kuelekea Kawangware. Niliitazama. Nilijua kona zote zilizobaki: duka la makaa, kinyozi, bomba la maji, geti la mabati ya bluu. Nikageuka, nikarudi. Nilifika pale Satellite mara mbili zaidi kabla ya mkesha wa mwaka mpya, na mara zote mbili nikageuka kwenye kibanda kile kile, nikijiambia kwamba kilomita za leo zinatosha.

Asubuhi ya mwisho wa mwaka zilikuwa zimebaki kilomita tisa. Ningeweza kuzimaliza kwa kuzunguka Ayany mara kadhaa. Lakini nilipofika Satellite sikusimama. Sikuwa nimeamua. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimechoka, na kugeuka kulionekana kazi kubwa kuliko kuendelea.

Mdogo wangu alikuwa uani, anafua. Aliinua kichwa, akanitazama kuanzia usoni hadi miguuni, mikono yake ikiwa bado ndani ya povu.

"Umetoka wapi hivyo?"

"Nyumbani."

"Kwa miguu?"

"Nilikuwa nakimbia. Ni mchango wa wale wauguzi waliokuwa wakija kwa mama."

Aliikamua nguo aliyokuwa nayo, akaianika, akapangusa mikono. "Ingia, basi. Utapatwa na baridi."

Kitanda cha mama hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na meza ya televisheni. Nilikaa kwenye kiti kile kile nilichokuwa nikikaa zamani, na safari hii nikaegemea. Aliweka chai jikoni. Ilipochemka alinipa kikombe, naye akakaa na chake.

"Mama alikuwa anakuulizia," alisema.

"Najua."

"Hujui, dada. Hukuwepo. Kila Jumamosi alikuwa anataka nimfunge ile leso ya kijani, eti wewe unakuja. Jioni namfungua. Wiki inayofuata, tena."

Nilitazama ndani ya kikombe. "Nilikuwa naogopa," nilisema. "Nikimwangalia nilikuwa naogopa."

"Na mimi pia niliogopa. Kuna mtu aliniuliza?"

Nikamwambia, "Nisamehe." Hakusema amenisamehe. Alisimama, akachukua chapati mbili zilizokuwa zimefunikwa, akaziweka kwenye sahani mbele yangu, akakaa tena. Kisha akasema, akiangalia mlango, "Siku aliyofariki mimi nilikuwa sokoni. Nilichelewa makusudi. Nilikuwa nimechoka, nikakaa kwa rafiki yangu nikinywa soda. Hilo sijamwambia mtu."

Nilinyoosha mkono, nikaushika wake. Ulikuwa bado na ubaridi wa maji. Aliuacha kwa muda, halafu akautoa ili animiminie chai nyingine.

Nilipoitoa simu nione saa, aliuliza kama nimemaliza zile mbio.

"Bado kama mita mia nne."

"Si umalize."

Alivaa kandambili, tukatoka pamoja. Tulitembea kuelekea barabarani, yeye mbele kidogo kwa sababu mimi nilikuwa nachechemea. Alisalimia majirani wawili, hakunitambulisha. Simu ilipolia kwamba nimetimiza, alitazama namba na kutikisa kichwa. "Ukifika nitumie message," alisema, akarudi kwenye nguo zake.

Nilituma picha ya mwisho kwenye kundi jioni ile. Ilimezwa na salamu za mwaka mpya, na hata mwenye kidole gumba hakuiona. Yule muuguzi ndiye aliyeniandikia pembeni siku mbili baadaye, akanishukuru, akasema nepi zimenunuliwa na kuna bibi mmoja karibu na Congo, kile kituo cha Kawangware, ambaye ameanza kukaa mwenyewe kitandani. Nilimtumia mdogo wangu ujumbe kwamba nimefika. Alijibu, "Sawa."

Nisingependa kudanganya kwamba tulirudi kuwa kama zamani. Januari na Februari alinipigia mara moja, nami nikampigia mara mbili. Tulizungumza juu ya maji, mvua, bei ya unga. Nikiwa peke yangu chumbani bado nahesabu Jumamosi za miezi saba, na hesabu hiyo huwa haipungui.

Pasaka tulienda nyumbani kujengea kaburi la mama. Kila mmoja alikata tiketi kivyake, kwa hiyo basini tulikaa viti tofauti, yeye mbele, mimi karibu na nyuma, na njia nzima niliona kitambaa chake cha kichwa tu. Asubuhi yake fundi alikuja na mwiko na kamba. Alipima, akatutazama sote wawili, akauliza nani kati yetu ni mkubwa, maana kuna mambo ya kuamua kuhusu upana na mahali pa msalaba.

Mdogo wangu alinionyesha kwa kidole. "Muulize yeye," alisema, akachukua mtungi na kwenda kuchota maji ya saruji.