Mchambuzi na Mabati ya Mama Mkwe

Mke wangu ni profesa wa sheria, na kwa miaka mingi watu wamekuwa wakinipa pole. Wanadhani chumvi ikizidi kwenye mboga nyumbani kwetu inafunguliwa kesi. Si kweli hata kidogo. Nyumbani ni mtu wa kutafuta miwani ilhali ameivaa kichwani, na anacheka vichekesho vyangu vya ufundi bomba hata vile ambavyo mimi mwenyewe najua vimechacha. Ila mweke mbele ya kamera umuulize mahakama imesema nini, utamwona anavyogeuka. Anakaa wima, anaongea taratibu, na lile zigo la maneno ambalo majaji wameandikiana wao kwa wao linaeleweka hata kwa muuza mkaa. Ndiyo maana watangazaji walikuwa hawamwachi apumue. Maprofesa wengi wakialikwa kwenye runinga wanaongea ili maprofesa wenzao wawasikie. Yeye alikuwa anaongea na mama yangu.

Na hapo simaanishi mfano. Alishaniambia kwamba akiangalia ile kamera anamwona mama amekaa na kisu chake anamenya viazi, basi anamweleza yeye. Mama naye, mtu asiyeamini hata taarifa ya hali ya hewa, alikuwa akimsikia mkwewe anaongea anaweka kisu chini.

Alikuwa na msimamo mmoja uliowakera sana watu wa runinga: hasemi kitu juu ya uamuzi wowote mpaka awe nao mkononi na ameusoma wote. Wakimpigia simu kwa haraka anawajibu, "Nikishasoma." Wakimbembeleza, "Profesa, dakika moja tu, sema chochote," anawaambia, "Chochote muulizeni mume wangu, yeye ndiye mtaalamu wa kusema chochote."

Sasa, mama anaishi kwenye kota za kiwanda kilichofungwa zamani. Wafanyakazi walibaki mle, wengine wakafa, baba yangu mmojawapo, na wajane na watoto wakaendelea kuishi. Mabati ya kiwanda yalioza, kila mtu akaezeka upya kwa nguvu zake. Halafu ikatokea kampuni ikasema imenunua eneo lote. Safu ya kwanza ya nyumba, ile ya barabarani, ilibomolewa mwaka uliotangulia. Uamuzi ulisomwa asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana tingatinga lilikuwa limeshafika. Milango, madirisha, mabati, vyote vilisagwa pamoja, wenyewe wamesimama wanatazama. Waliobaki wakakubaliana kwamba ikifika zamu yao na mahakama ikiwakatalia, watashusha mabati wenyewe mapema, kwa sababu mwenye mabati yake anaweza kuanza tena popote.

Zamu yao ikafika. Kesi yenyewe ilikuwa haijasikilizwa bado. Siku hiyo majaji watatu walikuwa wanaamua jambo moja tu: tingatinga lizuiwe mpaka kesi isikilizwe, au lisizuiwe. Mimi nilikwenda kwa mama na nyundo na mtalimbo, roho juu. Mke wangu alikuwa studio, maana runinga ilikuwa inaonyesha mahakama moja kwa moja na walimtaka akae pale aeleze.

Sebule ya mama ilijaa hadi mlangoni. Mshona viatu wa nyumba ya pili alikuwepo, na dada wa saluni, na wajane wote wa safu ya mama. Kwenye runinga mke wangu alianza kwa kusema, "Kabla sijaongea lolote, watazamaji wajue kwamba mama mkwe wangu anaishi kwenye nyumba hizi. Kwa hiyo mimi si mtu baki." Alisema hivyo kwa uaminifu, ili watu wampunguzie imani kidogo. Pale sebuleni imani iliongezeka. Mshona viatu alinigusa goti akasema, "Huyu hawezi kutuficha. Ni wetu."

Majaji wakaingia. Kiongozi wa jopo, mzee mwembamba, alikuwa amejizungushia skafu shingoni na anakohoa mpaka mabega yanaruka. Alipokaa, hakufungua faili. Aliyefungua ni jaji kijana wa kushoto kwake, akaanza kusoma. Alisoma kwa muda mrefu, na kila alipofika mwisho wa ukurasa dada wa saluni alisema "Mungu wangu" polepole. Mwisho akasema maombi ya wakazi hayana msingi na yanastahili kutupiliwa mbali. Akafunga faili, akanywa maji.

Mtangazaji hakusubiri hata glasi irudi mezani. "Profesa, ndiyo imekwisha?"

Namjua mke wangu. Niliona anavyobana midomo, nikajua atasema tusubiri. Kumbe alikuwa anapiga hesabu. Kwa kawaida anayesoma uamuzi wa jopo ni kiongozi, kwa niaba ya wote. Kiongozi sauti imekauka, basi amempa mdogo wake amsomee. Mtu wa kawaida asingefikiria hivyo, angekaa akangoja kuona. Yeye amezijua mahakama zile miaka yote, kwa hiyo aliona jambo liko wazi.

"Kiongozi wa jopo anaumwa," akasema, "amempa mwenzake asome uamuzi wa mahakama. Kwa haya tuliyosikia, wakazi wameshindwa." Kisha akaiangalia kamera. "Wenye kitu cha kuokoa, waokoe sasa."

Mama akasimama.

"Mama, tungoje kidogo," nikasema.

"Ungoje nini? Amesema yeye, hajasema mtangazaji. Panda."

Nikapanda. Ndani ya dakika chache misumari ilikuwa inalia safu nzima, kila nyumba ina mtu juu. Mimi nilikuwa nang'oa, mshona viatu anapokea chini. Nilifanya kazi kama kichaa, masikio yakiwa barabarani kusikiliza injini. Jasho liliniingia machoni. Sikukumbuka hata kuuliza kwa nini runinga bado inaongea.

Bibi mmoja mgonjwa, asiyeweza kutoka kitandani, ndiye peke yake aliyekuwa bado anatazama. Dada wa saluni alipita kumwangalia, na tukamsikia anapiga yowe. Alitoka mbio kichochoroni, viatu ameviacha.

"Acheni! Acheni! Tumeshinda!"

Ndivyo ilivyokuwa. Jaji kijana alikuwa amesoma maoni yake mwenyewe. Safari hii walikubaliana aanze mdogo, ili mzee apate kupumzisha koo. Mzee alipochukua zamu yake alisema, kwa sauti ya kukwaruza, kwamba amemsikiliza mwenzake na hakubaliani naye. Jaji wa tatu akamuunga mkono mzee. Wawili kwa mmoja, tingatinga likazuiwa.

Nilikuwa nimekaa juu ya boriti, natazama kitanda cha mama yangu kutoka mbinguni. Watu walikumbatiana kichochoroni, na mimi nikaanza kucheka. Kisha mtu akaongeza sauti ya runinga, tukasikia amri yenyewe. Kila nyumba ibaki katika hali iliyonayo saa hii. Asiwepo wa kubomoa, wala wa kuongeza, wala wa kurudisha chochote, hadi kesi isikilizwe. Upande utakaovunja amri utapoteza ulinzi wa mahakama.

Vicheko vikaisha. Watu wakatazama juu, mahali palipokuwa na mabati, halafu wakanitazama mimi. Pembeni ya ukuta alisimama kijana wa kampuni, simu mkononi. Alikuwa anapiga picha tangu msumari wa kwanza.

Mke wangu alifika alasiri, poda ya studio bado usoni, viatu vya visigino amevishika mkononi. Hakuna aliyemsalimia. Mimi nilikuwa nimemkasirikia kiasi kwamba nilishindwa kumtazama, nikajifanya napanga misumari. Mawingu yalikuwa yameshuka, meusi tii.

Mshona viatu ndiye aliyeanza. "Profesa, turudishe? Sema neno moja tu, tunarudisha sasa hivi."

Hapo ndipo niliposikia uchungu hasa. Baada ya yote yale, bado walikuwa wanangoja neno lake.

"Tuseme hayakushuka," dada wa saluni akadakia. "Nani atajua?"

Mke wangu akamwonyesha kwa kidevu yule kijana wa simu. "Yule. Nimeisoma amri yote, mstari kwa mstari, nimesimama pale mlangoni kwa msajili. Msirudishe. Mkigonga msumari mmoja, kesho wanaomba ulinzi uondolewe, na watapewa."

Nikalipuka. "Na mama alale wapi? Eh? Umeisoma hiyo nayo?"

"Ndani kwake," akasema. "Na mimi pamoja naye."

Mvua haikuchelewa. Amri ilikataza kuongeza kitu kwenye nyumba, lakini mwavuli haujawahi kuwa sehemu ya nyumba, kwa hiyo mama alikaa kwenye kochi lake sebuleni na mwavuli umefunguliwa, mke wangu ameushika. Wengine walihamishia watoto kwenye safu ya nyuma, kwa wale waliochelewa kupanda. Mama alikataa. Alisema hatoki mtu wasije wakasema amehama.

"Lakini kwa nini?" nikamuuliza mke wangu, maji yananichuruzika mgongoni. "Wewe? Wewe ambaye hata nikikuuliza saa unataka kwanza usome?"

Hakugeuka. "Pale mbele ya kamera nililiona lile tingatinga la mwaka jana. Nikamwona mama amesimama anatazama. Nikaona kama nikingoja nitakuwa nimechelewa."

Hasira haikuisha kwa sababu hiyo. Nilimpenda na nikamkasirikia vyote pamoja, na mvua inanyesha juu ya meza ya kulia chakula.

Asubuhi wakili wa wakazi alikuja amekunja uso. Ni msichana mdogo ambaye mke wangu alimfundisha chuoni, na mpaka leo anamwamkia kwa kupiga goti kidogo. Alisema kampuni imeshapeleka zile picha mahakamani. Wanasema wakazi wameanza kuhama kwa hiari yao, kwamba mtu asiye na nia ya kuhama hang'oi paa lake. Majaji wakiamini hivyo, kesi nzima inakufa hapo hapo. Mabati yatarudi tu kama mahakama itaelezwa kwa kiapo yalishuka kwa sababu gani.

"Nani atakula hicho kiapo?" mama akauliza.

"Mimi," mke wangu akasema.

Wakili akasita. "Profesa, watakuchana. Kila utakachosema tena hadharani, watakutolea hicho kiapo."

"Andika, mwanangu."

Sijawahi kukaa mahali pagumu kama lile benchi la mahakamani. Nusu ya mawakili waliojaa mle walipita mikononi mwa mke wangu chuoni. Walikuja kama watu waendao msibani, wengine kama waendao kwenye mpira. Alisimama kwenye kizimba cha mashahidi, akashika ukingo kwa mikono yote miwili. Wakili wa kampuni alianza kwa tabasamu pana.

"Profesa, umefundisha mwenendo wa mahakama kwa muda gani?"

"Muda wa kutosha kukufundisha wewe."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na tabasamu la wakili halikuondoka.

"Basi unaapa leo kwamba hukujua unachokisema?"

"Naapa."

"Mbele ya watazamaji nchi nzima?"

"Ndiyo. Niliwaambia wameshindwa, nikawaambia waokoe vitu vyao. Wasingepanda juu kama si mimi. Mume wangu mwenyewe alipanda."

"Na leo tukuamini kwa nini?"

Akaushika ukingo kwa nguvu zaidi, nikatamani kusimama. Mzee wa skafu ndiye aliyeingilia, sauti bado imekwama kooni.

"Profesa, mimi nilikuwa bado nimekaa pale, faili liko mbele yangu. Kwa nini hukunisubiri?"

"Nilikuona unakohoa, mheshimiwa," akasema. "Nikadhani nakujua."

Mzee alimtazama, kisha akainama akaandika. Kalamu yake ilisikika chumba kizima. Mke wangu alibaki amesimama mpaka alipoambiwa ashuke.

Mabati yaliruhusiwa kurudi. Majaji walisema wakazi hawakuhama, walipotoshwa na mtu waliyekuwa na haki ya kumwamini. Magazeti yalichukua maneno hayo yakaweka na picha yake. Simu za watangazaji zikakatika kama maji ya bomba. Sasa wanamwita profesa mwingine, kijana mwenye tai nzuri, na tukila chakula cha jioni mke wangu anamsikiliza mpaka mwisho bila kusema neno.

Tuliezeka upya wote, safu nzima. Lakini bati likishang'olewa halirudi kama lilivyokuwa. Tundu za misumari hazikutani tena na boriti, unatoboa nyingine, na zile za zamani unaziziba kwa lami ambayo jua linaila. Mimi ni fundi bomba, naishi kwa kuzuia maji yasipite mahali yasipotakiwa, na paa la mama limenishinda. Mvua ikianza tunapanga mabeseni.

Mama hajawahi kumlaumu mkwewe, si mbele yangu wala nyuma yangu. Kesi yenyewe bado inangojwa. Jumapili iliyopita tulikuwa pale, mvua ikashuka, matone yakaanza kugonga mabeseni huku na huku, tukakaa tunaongea mambo mengine. Mama alikuwa anamenya viazi. Hakuinua hata macho.

"Mwanangu," akamwambia, "lile la mlangoni limejaa."

Mke wangu akainuka, akalimwaga nje, akalirudisha mahali pake.