Kichaka Nilichokichagua

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu. Nilipewa rundo la magazeti ya zamani, na Shefu, mkubwa wa nyumba ya mimea iliyokaushwa katika kituo cha utafiti hapa Uvira, akaniambia, "Mama Furaha, weye kazi yako ni kukausha. Ua ikioza, ni weye."

Mmea tuliulaza katikati ya magazeti, tukaubana kwa presi, yaani mbao mbili zilizofungwa mikanda, na kila asubuhi tukabadilisha magazeti mpaka ukauke. Kisha tuliushona kwenye karatasi ngumu na kuandika pembeni ulikotoka na rangi ya ua lake. Rangi iliandikwa siku ile ile, maana ndiyo inayotoroka kwanza.

Shefu alipenda nyasi. Alilitembea bonde la Ruzizi kwa miguu, kutoka Luvungi hadi ziwani, na nyasi zake zilijaza makabati mawili. Mimi nilipenda kichaka kimoja tu. Tulikikuta milimani juu ya mji, kwenye mawe yenye ukungu: kichaka cha kunifika kifuani, ndugu wa umuravumba ule ambao mama zetu huwapa watoto wenye kikohozi. Shina lilikuwa na pembe nne, kama la ukoo wake wote. Maua yalikuwa ya buluu iliyotiwa maziwa, na nyuki walitokea ukunguni na kurudi ukunguni, kana kwamba hakuna dunia nyingine. Shefu aliniita mara tatu ndipo nikasikia. Hatukukiona pengine popote.

Vita vilipofika, Shefu alivuka kwenda Burundi na wajukuu zake. Mimi nilibaki nyumbani, mtaa wa Nyamianda, kwa sababu mama yangu hakuweza kutembea. Siku moja niliona moshi kwenye uwanja wa kituo. Askari walikuwa wamehamia humo, na walikuwa wakipikia karatasi zetu.

Nilikwenda. Komanda wao alikuwa akila ugali.

"Unatafuta nini, mama?"

"Maua yangu, Komanda. Ile yenye iko inaungua."

Akacheka bila ubaya. "Maua ya kukauka? Ingia. Beba yenye mikono yako inaweza. Mara moja tu."

Ndani, makabati ya nyasi yalikuwa bado mazima. Kazi ya maisha ya Shefu ilikuwa mbele yangu. Nikajiambia kwamba nyasi zitaota tena kule bondeni Sange mvua ikinyesha. Nikachukua jalada la kichaka na mimea mingine ya yale mawe, mpaka mzigo ukanigusa kidevu. Nilipopita kabati la nyasi sikulitazama.

Mzigo niliuficha chini ya godoro la mama. Alilala juu ya mlima ule mpaka vita vikasogea mbali nasi.

Shefu aliporudi, alifika kwangu kabla ya kwake.

"Nyasi zangu?"

"Ziliungua, Shefu. Minye nilichagua."

Alilia mbele yangu na mbele ya mama, muda mrefu, bila kujifuta. Nikamwambia pia kwamba kule juu wachoma makaa walikuwa wamemaliza kila kichaka. Ndipo akafungua jalada, akatikisa karatasi juu ya kiganja. Zikaanguka mbegu, ndogo kuliko za mchicha.

"Tupande," akasema.

Ilikubali kuota moja tu. Ilichukua misimu kadhaa kuchanua, nyuma ya ofisi ya kituo, na siku hiyo nilimleta Shefu kwa kumshika mkono, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia. Akainama, akanusa.

"Rangi iko vile vile?"

"Hapana, Shefu. Huku chini imepauka."

"Andika ivo. Usiandike yenye unatamani."

Sasa nimestaafu. Nyasi tulizikusanya upya, mimi na yeye, lakini si zote. Majina ya nyingine, Shefu alizikwa nayo. Vijana wa kituo hunisifu kwa kuokoa kichaka, nami huwajibu kwamba nilibeba nilichokipenda. Shefu hakuniuliza hata siku moja kama nilichagua vizuri. Ninayejiuliza ni mimi, mvua zikianza, bonde lote likiwa kijani, na nyasi zikiinama kwa upepo bila mtu wa kuziita kwa majina.