Mume wa Kundi la Shangazi

Kanzu ya kuazima ina harufu yake: tumbaku, jasho la shingoni na udi kidogo wa Ijumaa. Hadi leo ikinifikia puani, hasira zangu za utotoni hupanda, nami ni mtu mzima mwenye wajukuu.

Faza yetu, mji wa kisiwani, kabla ya vita vya Mjarumani, ilikuwa na kundi la wanawake la vichekesho. Shangazi yangu, Bi Esha, ndiye aliyelianzisha, yeye na majirani wanne waliochoka kukuna nazi za harusi za watu bila kicheko. Walicheza uani, mbele ya wanawake peke yao, milango imefungwa, wamevaa kanzu na vilemba vya waume zao. Mchezo ulikuwa mmoja tu, wa mume bahili, na kila harusi uliongezwa kipande.

Mimi, miaka mitatu mizima, nilikuwa paka. Nalia nyau, nafukuzwa, basi. Nilimsumbua shangazi mpaka akanichoka: nataka kuwa mume. "Subira yavuta heri," akaniambia, maneno ambayo watu wazima huyatoa wasipokuwa na kitu kingine cha kutoa.

Ndipo Bi Zena, mume wetu wa siku zote, akashika mimba, na kanzu ikakataa kupita tumboni. Nikapewa mimi. "Wachekeshe, mwanangu," shangazi akasema.

Nikawachekesha. Nilikohoa, nikavua makubadhi, nikamwita mke wangu wa mchezo. Kisha nikamshika kidevu nikamnusa kinywa, nijue kama ameonja samaki kabla yangu. Ua mzima ukacheka. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia mama yangu, aliyeketi kati yao, na kicheko kikafa. Mama aliinama, akawa anakunja pindo la leso yake.

Jioni ile shangazi alinivua kanzu, na sikuigiza tena, hata huyo paka. Nilinuna miezi. Si wao walioniambia niwachekeshe? Nilimuuliza mama kosa langu. "Huna kosa," akasema, akaenda zake jikoni.

Nikaolewa na kinyongo changu moyoni. Siku ya kwanza mume wangu aliporudi kutoka shambani, nilimlaki mlangoni, nikainua kidevu, nikafungua kinywa, nikangoja. Alinitazama, maskini, akauliza, "Jino lakuuma?"

Nikafunga kinywa. Miaka yote ile nilidhani waume wote hunusa. Kumbe ni baba peke yake, na wanawake wa Faza walilijua hilo kutoka kwangu.