Mboga Zilizosimama Paredi Jinja

Enzi zetu, sisi watoto wa kambi ya jeshi Jinja, mboga haikuwa kitu cha kununua. Ukitumwa mboga ulizunguka nyuma ya nyumba na ungo, ukachuma, ukarudi kabla maji hayajachemka. Nyumba zenyewe zilikuwa zile za mabati za mviringo, unipoti, ambazo saa sita mchana ziligeuka tanuri, ndiyo maana maisha yetu yote yalikuwa nje. Nje tulicheza kwepena kwa mpira wa soksi kuukuu hadi magoti yakawa mekundu kwa udongo, nje tulioga, nje tulichapwa. Na nje, nyuma ya unipoti yetu, ndiko Mama alikokuwa na bustani yake: dodo, yaani mchicha, nyanya, na zaidi ya yote malakwang, majani machachu ya kwao kaskazini, ambayo ukiyapika na karanga za kusaga, ukala kwa viazi vitamu, unasahau jina lako. Mpangilio hakuna. Mama alirusha mbegu kama anayelisha kuku, na mche ukiota popote, hapo ndipo kwake.

Baba alikuwa sajini, na mlaji hasa. Penye chakula alikuwa na neno moja tu, akilitoa kama amri: "Ongeza!" Tulilingoja neno hilo, kwa sababu Baba akiongezwa, nasi tunaongezwa. Kisha akapelekwa vitani, na aliporudi hakurudi nalo. Mwili ulikuwa mzima, hauna hata mkwaruzo. Lakini alikaa juu ya jerikeni tangu asubuhi akitazama ukuta wa mabati, na sahani yake ilirudi jikoni jinsi ilivyokwenda. Siku hizi hali hiyo ina majina mengi na watu wanayataja redioni bila aibu, jambo ambalo ni jema. Wakati ule majirani walisema tu, "Huyo afande, kichwa yake imebaki huko." Nilikuwa na miaka tisa, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: Baba aseme ongeza.

Mliokulia kambini mnaijua siku ya ukaguzi. Mkubwa anakuja, filimbi inalia asubuhi, mawe yanapakwa chokaa, na kila kilichosimama bila mstari kinafyekwa. Siku moja filimbi ikalia, na Baba, aliyekuwa katika likizo ya ugonjwa, mtu ambaye hakuna aliyemtarajia, akainuka. Akachukua fyekeo. Mama alikuwa bombani akichota maji. Aliporudi, bustani yote ilikuwa chini, malakwang, dodo, nyanya, tambarare kama kiwanja cha mpira. Macho ya askari yaliona nyasi zisizo na nidhamu, basi.

Mama alikuwa na mdomo, nami nilishajiandaa kukimbia. Lakini alitua jerikeni, akamtazama Baba anavyotiririka jasho na kuhema, amesimama kwa miguu yake mwenyewe.

"Umefanya kazi mzuri, Baba Laker," akasema. Laker ni mimi. "Sasa hiyo yote umekata, wewe mwenyewe utapanda."

Akapanda, jamani! Akapanda kijeshi. Alinyoosha kamba ya katani kutoka kigingi hadi kigingi, mimi nikishika ncha ya pili, akapima kwa buti lake, buti moja kati ya mche na mche. Nikilegeza kamba nilikaripiwa, na nilifurahi kukaripiwa, maana ilikuwa sauti yake. Kila asubuhi aliiacha jerikeni akapita kati ya mistari akikagua. "Wewe wa pili, unalala nini? Simama!" Alikuwa anauambia mche. Majirani walikuja kucheka, wakaondoka na mbegu.

Ukaguzi uliofuata, mkubwa alipita nyuma ya unipoti yetu akasimama. "Sajini, hii ni nini?"

Baba akapiga saluti hadi buti likalia. "Malakwang, afande! Wote wako hapa!"

Mkubwa akajaribu kuzuia kicheko, akashindwa. Hakuna kilichofyekwa siku hiyo.

Mama akapika. Tulikaa mkekani, nami nikawa natazama mkono wa Baba badala ya sahani yangu. Alikula polepole, akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha kiazi, akaisukuma mbele. "Ongeza." Mama akapakua, na nusu ya mchuzi ikamwagika mkekani. Mimi nilitoka mbio, kinywa kimejaa, nikitangaza layini nzima: "Baba amesema ongeza!" Na wanawake wa layini, ambao walijua kila kitu, wakapiga vigelegele unipoti hadi unipoti. Sijawahi kushinda kitu kikubwa kuliko kile.

Leo naishi Mbale, njia ya kwenda Nakaloke, nina friji, na nina watoto wanaodhani mboga huzaliwa sokoni. Binti yangu alipiga picha malakwang, akaiuliza simu ni mmea gani. Simu ikamjibu ni ua la mapambo, naye akataka kuliweka kwenye chupa sebuleni! Simu hiyo hiyo inamkumbusha kunywa maji na kumfundisha kupumua. Sisi tulipumua bure.

Lakini nisijifanye shujaa. Mama alipofariki mapema mwaka huu, mimi mwenyewe, mwalimu mzima, nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitazama ukuta, na chakula kikawa na ladha ya karatasi. Baba, sasa mzee wa magoti mabovu, akashuka kutoka basi la Jinja na mfuko mmoja. Akaufungua papo hapo. Alitoa kamba ya katani.

"Laker, simama. Kamata hapa."

Nikasimama, nikakamata. Udongo ulikuwa baridi vidoleni, na hapo ndipo nililia vizuri kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mama. "Usilegeze," akasema, akaendelea kupima kwa buti.

Unipoti zetu nasikia zimeng'olewa, na wanawake wa vigelegele wametawanyika kila mmoja kwao. Natamani wangekuwepo Jumapili iliyopita, malakwang ya kwanza ilipoingia sufuriani. Baba alipakua mwenyewe. Nilikula nikamaliza, nikapangusa sahani kwa kiazi, nikaisukuma mbele yake.

"Ongeza," nikasema.

Mzee akainuka kwa yale magoti yake, akapiga saluti, upawa ukiwa mkononi.