Nyundo Niliyomnyang'anya Mtani Ndani ya Mlima

Wapo watakaosema nilikuwa nimelewa. Siku hiyo nilikuwa nimekunywa uji wa Bibi Agata na maji ya kijito, basi. Wala haikuwa usiku. Yalinikuta mchana, mvua ikinyesha, na shahidi wangu ni mwanamke msomi asiyejua mzaha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu akiuza alichonacho. Mimi shule niliiachia darasa la tano. Nilikuwa nimeuza mitumba Mwembesongo nikachoka, nikabeba kabichi kutoka milimani nikachoka pia. Ndipo nikasikia kuna Dokta anatafuta watu wa kupandisha vyombo Uluguru, kwenye handaki la zamani la ulanga, yale mawe yanayong'aa na kubanduka kama karatasi. Wenzangu waliuliza ujira. Mimi niliuliza, "Vyombo vya kutafuta nini?" Nadhani ndiyo maana Dokta Koku akanibakiza kibandani kwake.

Alinieleza kwamba nyota huzunguka kwa kasi kubwa mno, na uzito wote tunaouona hautoshi kuzizuia zisitawanyike. Kwa hiyo lazima upo uzito mwingine usioonekana. Unatupita mwilini hivi sasa bila kutugusa. Wataalamu wanauita maada giza. Ndani ya handaki aliweka fuwele, jiwe angavu kama kioo, katika sanduku la risasi, ile metali nzito, akaipoza kwa hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji. Alikuwa anangoja chembe moja tu ya hilo giza iigonge. Mlima ulikuwa paa la kuzuia chembe nyingine zinazonyesha kutoka angani. Hebu niambie, nani angelala baada ya kusikia hayo?

Kando ya sanduku palikuwa na kipimo cha mitetemo, waya wake ukija hadi kibandani. Mtu akipiga hatua mle ndani, sindano huku inaruka. Ikiruka, fuwele imesumbuliwa.

Basi sindano ikaanza kuruka na handakini hamna mtu. Dokta akazima jenereta. Akatandika magunia chini ya kila tone la maji. Ikazidi, kwa mpigo uleule, kama mtu anayepasua jiwe. Na ile hewa ya maji ilibaki ya jaribio moja tu. Likiharibika, fuwele inarudi kwa wenyewe ng'ambo, na kazi yake inaishia hapo. Alikaa juu ya ndoo, amefumba macho.

Bibi Agata alituletea uji. Ardhi ile ni ya ukoo wa mama yake, na kabichi zake zilikuwa chini tu ya handaki. Akaiangalia sindano.

"Huyo ni mjomba Mkude," akasema, kama anamtaja jirani. "Handaki lilimwangukia akichimba ulanga. Mwili haukutoka. Hakuna maziko, hakuna watani. Atalalaje?"

"Bibi, mimi ni mwanasayansi," Dokta akasema.

"Na mimi Mkatoliki, mwanangu. Lakini sindano yako inaruka."

Mimi ni Mnyamwezi. Sisi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara. Kwenye msiba wao tunamkejeli hata marehemu, na mtani akichukua jogoo wako huruhusiwi kununa. Nikaona hii ni kazi yangu. Nikachukua tochi, nikaingia. Nyuma yangu Dokta alikuwa anaitazama sindano ikihesabu hatua zangu.

Kule mwisho palipoporomoka nilimkuta. Mzee mwenye kaptula, amenipa mgongo, anapiga mwamba. Mwanga wa tochi ulimpita mwilini ukaangaza ukuta wa mbele yake.

"Shikamoo mzee."

"Nani?"

"Mnyamwezi."

Akageuka. "Mnyamwezi! Mmechelewa hivi, mizigo ilikuwa mizito?"

"Tutawahi vipi, na nyie mnaishi mteremkoni kama nyani? Mnalima mmejifunga kamba msije mkaviringika hadi Mzumbe!"

Akacheka mpaka vumbi likadondoka. Nikapata nguvu. "Kelele zako zinamharibia Dokta kazi, mtani. Hiyo nyundo nachukua."

"Chukua. Na mimi nachukua changu."

"Chukua tu!" nikajibu. Sikuuliza nini. Watani hawaulizani.

Nyundo ilinilemea mkononi. Nilipofika mwangani mkono ulikuwa mtupu, na Dokta akaangusha kikombe. "Umetokaje? Ulipoingia sindano ilicheza kila hatua. Kutoka, haikutikisika!"

Akanirudisha ndani, nikatembea hadi kwenye sanduku na kurudi. Sindano kimya. Akaniambia niruke. Kimya. Hatua zangu zilikuwa zimechukuliwa.

Lakini ule ugongaji nao ulikoma. Na fuwele ilihitaji kuongezwa ile hewa ya maji huku ikisikiliza. Nani aingie bila kuisumbua? Mimi, wa darasa la tano. Siku zote za jaribio niliingia peke yangu, hadi likamalizika salama. Hatukukipata tulichokitafuta. Dokta alifurahi hivyo hivyo: "Sasa dunia inajua hakipo upande huo. Hilo nalo ni jibu." Hilo jibu limepitia mikononi mwangu, na sitaacha kulisema.

Bibi Agata akamfanyia mjomba wake matanga. Nilikuwa mtani wa msiba, nikaondoka na jogoo.

Mpaka leo natembea juu ya majani makavu na hayalii. Nimeshapigwa rungu nikidhaniwa mwizi. Mama yangu alizoea kunitambua kwa vishindo kabla sijapiga hodi, akaanza kuteleka chai. Hadi anafariki, kila nilipoingia alishtuka kama ameona mzimu.

Kwa hiyo wewe unayependa utani, taniana na walio hai kadiri upendavyo. Ukikutana na aliyekufa, akakwambia anachukua chake, uliza kwanza ni kipi.